Mwanachama 4471

1

Siku Mizani ilipoivunja harusi ya Tegemea na Jokha, watu elfu kumi na tisa waliniandikia kunitukana kabla sijamaliza chai ya asubuhi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya kubuni. Tegemea na Jokha ni vijana wa kwenye Wapima Mvua, hadithi inayowafikia watu mara tatu kwa wiki kwenye miwani zao za kusomea, inayohusu ukoo mmoja wenye kugawa maji ya mvua katika mji usio na mto. Kwa miaka tisa ukumbi wa mashabiki ulikuwa unaingoja harusi hiyo. Kadi zilishachorwa. Kuna mama mmoja wa Sumbawanga aliyeshona gauni la kweli. Halafu sehemu ya harusi ikatoka, bwana harusi hayupo, bibi harusi hayupo, na badala yao msomaji anapewa kurasa arobaini za Chiku, karani wa bohari, mtu ambaye mpaka wiki ile alikuwa amesema maneno kama ishirini tu tangu hadithi ianze. Kurasa zote arobaini Chiku anazunguka na taa kutafuta kifuniko cha pipa la tatu.

"Kifuniko!" aliandika mwanachama anayejiita Nyundo. "Nangoja harusi miaka tisa, naletewa kifuniko cha pipa!"

Mimi, Atuganile Mwaisaka, ndiye mlezi wa ukumbi huo, na kazi yangu ni kuwapanga watu. Sheria inataka kila mashine inayotunga hadithi kwa kufuata mashabiki ieleze inamfuata nani, na huwezi kueleza hilo kama hujui waliokaa ukumbini ni watu wa namna gani. Nyundo yuko kwenye droo ya Majaji, wale wanaosoma ili wakute kosa, na wasipolikuta wanakosa raha wiki nzima. Yule mama wa Sumbawanga ni Mpambe. Wapambe hawana habari na mji wala mvua, wanachotaka ni watu wawili wapendane na wengine wote wapishe njia. Wapo Makarani, ambao watakuambia Jokha amevaa kilemba cha kijani mara ngapi na katika sehemu zipi. Wapo Wafumaji, wanaowachukua watu wetu na kuwatungia hadithi zao wenyewe. Mmoja aliwahi kumwoza Chiku kwa daktari wa mbuzi, akaandika vizuri hadi nikalia ofisini. Wapo walioingia kwa ajili ya hadithi wakabaki kwa ajili ya watu, na siku hizi wanazungumzia meno yao na mawifi zao. Wazushi sitawasema, maana asubuhi ile walikuwa wamenichosha.

Na wapo Kimya. Sita kati ya kila kumi ni Kimya. Wanasoma, wanaondoka. Hawajawahi kuandika hata asante. Droo yao ndiyo kubwa kuliko zote na sikuwahi kuifungua, kwa sababu mtu asiyesema kitu utampanga kwa lipi?

Kosa langu lilianzia hapo. Mizani, mashine inayotutungia hadithi, haisomi maneno ya ukumbini. Nilikuwa nawaambia mashabiki hivyo kila mwezi, na kila mwezi hawaniamini. Mizani inasoma usomaji. Miwani inaandika jicho limesimama mstari gani, limerudi wapi, limengoja muda gani kabla ya kuendelea. Baada ya mwaka Mizani inawauliza wanachama wanakumbuka nini, kisha inaangalia nyuma: ni nani aliyesimama, mwaka mmoja uliopita, pale pale ambapo wengine wote wamekuja kupakumbuka? Huyo anaongezewa uzito, na hadithi inaelekea anakosimama. Haina busara yoyote ndani yake. Ni mizani tu.

"Atu, hebu njoo uone," aliniita Kivuyo, mkuu wa nyumba yetu ya hadithi. Ni mtu mtaratibu, na nilipoona ameshika kichwa nilijua kuna jambo.

Alikuwa amefungua orodha ya uzito. Ukumbi wetu una watu elfu sitini, na mtu wa kawaida uzito wake ni punje tu. Juu kabisa ya orodha palikuwa na mwanachama mmoja mwenye asilimia thelathini na moja ya uzito wote.

"Nani huyu?"

"Kimya," alisema Kivuyo. "Namba 4471. Miaka tisa hajaandika neno."

Sote wawili tuligeuka kuutazama ukuta. Pale ukutani, kwa herufi kubwa, imebandikwa Kanuni ya Uso. Niliiandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, baada ya bwana mmoja kufungua akaunti elfu mbili ili mhalifu wa hadithini anayempenda asinyongwe. Kanuni inasema hivi: mwanachama akipita asilimia tano, atajulishwa kwa ukumbi kwa jina na sura ndani ya siku kumi na nne. Na ikigundulika namba moja ina watu zaidi ya mmoja, au mtu mmoja ana namba zaidi ya moja, namba inafutwa na hairudi tena. Nilikuwa najivunia sana karatasi ile.

Kufikia saa sita mchana Makarani walishaipata namba kwenye taarifa ya wazi, na nadharia zikaanza kumiminika. Eti 4471 ni jaji mstaafu. Eti ni mshairi aliyefungwa. Eti ni Mizani yenyewe inajisoma. Waligundua kwamba miezi mitatu iliyopita 4471 alirudia mara nne mstari mmoja usio na maana yoyote, "Pipa la tatu halina kifuniko," na kwa jioni ile pekee wakaandika kurasa mia mbili kuhusu kifuniko hicho maana yake nini.

Kivuyo aliniambia nimtumie ujumbe tu. Nilikataa. Nilitaka kumwona. Siwezi kulisema jambo hili kwa adabu zaidi ya hapo: nilikuwa nawashwa.

2

Miwani ya 4471 ilisajiliwa Newala, kwenye kiwanda cha ushirika cha kubangua korosho. Njia nzima nilikuwa namtengeneza kichwani: mwanamke mmoja mpole, mwenye mvi, amekaa peke yake dirishani, akivuta pumzi kila baada ya mstari. Nilifika saa tatu asubuhi. Mlinzi alinipa koti jeupe na kofia ya plastiki, akanielekeza ukumbi wa nne.

Kabla sijafungua mlango nilisikia sauti ya mtu anasoma, na sauti nyingine ikipiga kelele, "Rudia!"

Ndani kulikuwa na wanawake thelathini na wanane kwenye meza ndefu. Mikono yao iling'aa kwa mafuta ya nyonyo, maana ganda la korosho lina utomvu unaochoma ngozi. Mashine hubangua korosho nyingi, lakini huzivunja, na zile kubwa zinazotakiwa zitoke nzima bado zinapitia mikononi mwa watu. Sakafuni palichorwa mstari wa manjano ambao mtu mwenye miwani au simu haruhusiwi kuuvuka. Nyuma ya mstari, juu ya stuli ndefu, aliketi mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono misafi imelala mapajani, miwani usoni. Alikuwa anasoma Wapima Mvua kwa sauti.

"Chiku akainua taa," alisoma, "akaandika mapipa sita. Lakini yalikuwa..."

Chumba cha pili boila likapuliza mvuke, na kwa nusu dakika hakuna aliyesikia kitu.

"Rudia!" alipaza bibi mmoja wa meza ya mbele.

Akarudia. Yalikuwa saba.

"Hapo hapo ngoja," alisema mwanamke mwingine, korosho mkononi. "Huyu Chiku anaiba au haibi?"

"Anaiba vipi na hanywi yeye? Anawapelekea wasioandikwa kwenye mgawo wa maji."

"Fatu, mali ya watu ni mali ya watu!"

"Na kiu ya watu je?"

Ukumbi mzima ukaingia. Msomaji aliacha macho yake pale pale mstarini, akangoja, kama mtu aliyezoea. Nilitazama saa. Waligombana dakika kumi na moja, mikono haikusimama hata mara moja. Kumbe mwanachama wangu mpole wa dirishani ndiye huyu. Watu thelathini na tisa kwa namba moja.

Msomaji aliponiona alivua miwani, akashuka kwenye stuli. "Karibu dada. Wewe ndiye mkaguzi wa vyakula?"

"Hapana. Mimi natoka Wapima Mvua."

"Heee!" walipaza wote kwa pamoja. Mmoja aliuliza Tegemea anaumwa nini maana amekuwa mzembe mno. Mwingine aliuliza kama mji ule upo kweli, ana mtoto anayetafuta kazi. Yule bibi wa meza ya mbele alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu. Mimi naitwa Asumini, na sikio langu la kulia halijafanya kazi tangu nilipomzaa huyu Fatu."

Msomaji aliitwa Somoe. Alinieleza historia yake tukiwa tumesimama. Alianza kama mbanguaji, lakini ngozi yake ilikataa. Hata apake nyonyo kiasi gani, mikono ilikuwa inachunika. Kiwanda kilikuwa kimuondoe. Wenzake wakasema akae asome, kwa sababu ukumbi wote umeruhusiwa miwani moja tu, na toka siku hiyo kila mmoja anachota konzi moja kutoka kwenye trei yake anaitia kwenye trei ya Somoe. Jioni trei ya Somoe inakuwa imejaa, naye anahesabiwa siku. Hakuna aliyewahi kuandikishana na mtu. Ndivyo wanavyofanya.

Niliomba dakika chache, nikawaeleza. Niliwaambia kuhusu Mizani, kuhusu jicho linaposimama, kuhusu uzito. Mikono iliendelea kubangua, lakini polepole.

"Kwa hiyo hicho kitu kinasikia tunayosema?" aliuliza Bi Asumini.

"Hapana, bibi. Hakisikii sauti. Kinaona tu Somoe aliposimama."

"Na Somoe husimama sisi tukigombana."

"Ndiyo."

"Basi kinasikia."

Nikakimbilia swali lililonileta. "Nisaidieni jambo moja. Kuna mstari mliourudia mara nne, pipa la tatu halina kifuniko. Huko ukumbini watu wameuandikia kurasa mia mbili. Mlikuwa mmegundua nini?"

Walitazamana. Boila likapuliza. Walipoanza kucheka, trei zilitikisika, na Fatu ilibidi aegemee meza.

"Boila hilo, dada," alisema Somoe akifuta machozi. "Siku ile lilikuwa bovu. Kila nikifika kwenye pipa, linapuliza."

Na mimi nilicheka. Sikuweza kujizuia. Harusi ya watu elfu kumi na tisa ilikuwa imevunjwa na boila na sikio la Bi Asumini. Lakini nilikuwa sijamaliza, na lililobaki halikuwa la kuchekesha. Niliwasomea Kanuni ya Uso. Nikisema ukweli kwamba wako wengi, namba inafutwa, usomaji unakwisha, na Somoe hana kazi. Nikisema ni Somoe peke yake, nitakuwa nimedanganya, na jina lake na sura yake vitapewa watu elfu sitini, wengi wao wenye hasira ya harusi. Wazushi wangemfuata mpaka mlangoni kwake. Siku kumi zilikuwa zimebaki.

Somoe alikuwa ameikunja miwani na kuishika kifuani. "Nani aliiandika hiyo kanuni?"

"Mimi."

"Ulikuwa umekasirika," alisema Bi Asumini.

"Nilikuwa nimekasirika, ndiyo."

Walisema watafikiri. Wakaniomba nibaki kwa usomaji wa mchana, na nilikubali haraka, maana nilitaka kusikia ugomvi mwingine kuliko nilivyotaka chakula.

Somoe alipanda stuli, akavaa miwani, akaanza. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu Chiku alikamatwa na pipa la saba likiwa mgongoni, na nilimtazama Fatu, nikingoja. Fatu aliinamia trei yake. Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wamekaa wima, midomo imefungwa, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Boila lilipuliza katikati ya hukumu ya Chiku, na hakuna aliyepaza sauti ili Somoe arudie. Bi Asumini alikuwa anamtazama Somoe huku akitabasamu, na nilijua kabisa kwamba hakusikia hata neno.

Usomaji ulikwenda dakika arobaini bila kusimama. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuja kuwaona, na kwa kuja kwangu nikawa nimeharibu nilichokuja kukiona.

3

Uzito wa mtu ni pale aliposimama. Asiyesimama hana cha kupimwa, na uzito aliokusanya zamani unashuka siku kwa siku. Niliporudi ofisini kwetu Morogoro, 4471 alikuwa ameshuka kutoka thelathini na moja hadi kumi na tisa. Kesho yake kumi na moja. Siku ya nane alikuwa na asilimia nne na kitu, chini ya kiwango, na Kanuni ya Uso haikumhusu tena. Sikulazimika kusema ukweli wala uongo. Nilipaswa kufurahi.

Harusi ilitoka wiki hiyo hiyo. Mizani, ikiwa haina tena pa kuelekea, iliwafuata wengine wote. Tegemea alioa, Jokha aliolewa, mvua ilinyesha kwa wakati wake. Mama wa Sumbawanga alivaa gauni lake na kutuma picha. Wapambe walilia kwa furaha siku mbili. Nyundo aliandika mstari mmoja tu: "Harusi nzuri. Nimeshaisahau." Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilikubaliana naye.

Ujumbe wa Somoe ulifika Ijumaa.

"Dada Atu, habari za huko. Harusi tumeisoma. Hakuna aliyesema kitu. Siku hizi hapa ni kama msibani, watu wanaogopa hata kukohoa nisije nikasimama. Bi Asumini anauliza, hicho kitu kinaweza kuzimwa tukaendelea kusoma? Tunataka kugombana."

Kinaweza. Kipo kitufe kinachoitwa Bila Uzito, kilichowekwa kwa ajili ya wagonjwa. Ukikibonyeza, miwani inaonyesha hadithi na haipeleki chochote Mizani, na hakuna wa kukirudisha ila mwanachama mwenyewe kwa saini yake. Nilikwenda kumweleza Kivuyo.

Aliusoma ujumbe mara mbili. "Waambie umezima," alisema.

"Nitazima."

"Hapana, Atu. Waambie umezima."

Nilimwelewa, na ninakiri kwamba sikukasirika. Nilivuta kiti nikakaa.

"Sikiliza," alisema. "Nani anaumia? Wao wanapata ugomvi wao. Nyundo anapata hadithi yenye maana. Somoe anabaki kwenye stuli. Umeisoma ile sehemu ya Chiku tena, ukiacha mambo ya kifuniko? Mimi nimeisoma mara tatu. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kitu kama kile hapa nchini, na haikuandikwa na Mizani, imeandikwa na wale kina mama. Ukizima, msimu wa kumi utakuwa harusi mpaka mwisho, kisha tutafunga mlango na wewe na mimi tutatafuta kazi."

"Na Kanuni ya Uso? Watapanda tena juu ya asilimia tano."

"Wewe ndiye uliyeiandika. Ifute."

Alisema kwa upole, na jambo baya ni kwamba nilitaka kukubali. Si kwa ajili ya kazi peke yake. Nilitaka kujua. Chiku anaiba au haibi? Nilikuwa nimeondoka Newala katikati ya ugomvi, na toka siku hiyo nilikuwa naubeba kichwani kila ninapokwenda. Uongo mdogo mmoja, na kila wiki ningeweza kufungua droo ya Kimya nikaona wamesimama wapi.

Nilirudi mezani kwangu nikafungua kumbukumbu zote za 4471, miaka tisa. Nilijiambia natafuta sababu ya kuamua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachungulia. Niliona dakika mbili hapa, saba pale. Siku za Chiku zilijaza ukurasa mzima. Halafu, msimu wa sita, nikakuta kituo kimoja kirefu kuliko vyote: saa mbili na dakika kumi, kwenye mstari mmoja mfupi, "Mvua ikakatika."

Nikakumbuka. Kutokana na mstari ule Mizani ilitunga msimu mzima wa ukame, ule ambao kila shabiki wa Wapima Mvua, awe Jaji au Mpambe, atakuambia ndio bora kuliko yote. Ukumbi mzima ulilia mwaka ule. Nilipanga makundi ya vilio kwa mikono yangu mwenyewe. Na chanzo chake kilikuwa saa mbili za wanawake hawa wakijadili mvua kukatika. Walisema nini? Ni jambo gani la maana kiasi hicho waliloliona kwenye maneno mawili?

Nilimpigia Somoe. Ilikuwa mapumziko yao ya mchana, nikasikia masufuria nyuma yake.

"Somoe, samahani. Msimu wa sita, mwezi wa tisa. Mlisimama kwenye mvua kukatika zaidi ya saa mbili. Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mwezi wa tisa," alisema. "Hatukuwa tunagombana, dada. Siku ile mwenzetu Mwanamvua alianguka pale pale mezani. Moyo. Tulimlaza chini, tukamfunika na khanga zetu tukingoja gari. Bi Asumini akamshikia kichwa. Nilisahau kuvua miwani. Nilikuwa nimeketi pale juu naangalia tu."

"Na macho yako yalikuwa..."

"Sijui yalikuwa wapi. Labda kwenye mstari. Sikuwa naona kitu."

Nilimshukuru. Nilimwambia pole, nikajua ni pole iliyochelewa miaka mitatu.

Watu elfu sitini walikuwa wamelia kwa msiba wa watu wengine bila kuambiwa. Tulimchukua Mwanamvua sakafuni tukamfanya ukame, tukapokea pongezi, na wale waliomfunika khanga wakausoma ukame huo mezani pale pale, wakiona tu kwamba ni hadithi nzuri, wakijiuliza mtunzi amejuaje. Hatukuwaibia kwa makusudi. Lakini hapo nilikuwa nimeshajua, na kuanzia dakika ile lolote ambalo ningechukua lingekuwa la makusudi. Nililia kidogo, nikaona haya, nikafuta uso.

Nikabonyeza kitufe. Skrini ikaniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Namba 4471 ikabaki kwenye orodha, na mbele yake, penye uzito, hapakuwa na kitu.

Nilikwenda kumwambia Kivuyo kabla hajauliza.

"Umezima kweli," alisema.

"Kweli."

"Basi tutafute mtu wa kuandika," alisema kwa uchovu. "Mtu, kwa mkono. Labda yule Mfumaji wako wa daktari wa mbuzi." Sikujua kama anatania. Nilimwachia nafasi.

4

Somoe alinipigia Jumatano iliyofuata, mapumziko ya mchana. Nyuma yake hakukuwa na masufuria tu. Kulikuwa na makelele ya watu thelathini na wanane wanaosema kwa pamoja.

"Unawasikia?" aliuliza akicheka. "Leo tumesoma kurasa mbili tu asubuhi nzima. Mbili! Fatu amehama meza. Bi Asumini amesomewa tena mstari mmoja mara sita, na si kwa sababu ya boila, anasema alitaka tu kuusikia tena."

"Mstari gani?" Nilikuwa nimeshashika kalamu. "Wamegombania nini?"

"Dada Atu."

"Niambie kidogo tu. Sitaandika."

"Hayo ni ya huku ndani," alisema Somoe, na hakuwa na ukali wowote. "Ukitaka kuyajua, njoo ubangue."

Kengele ya kazi ililia, akakata simu. Nilibaki na kalamu yangu mkononi. Sijui walisimama wapi, na Mizani haijui, na hakuna mtu yeyote ukumbini atakayejua. Nilikaa na hamu yangu mpaka saa nane, nikaona haitanitoka. Nikachukua fomu ya likizo, nikaomba wiki tatu. Kwenye nafasi ya sababu niliandika neno moja, kubangua, nikapeleka kwa Kivuyo apige saini.

Aliisoma, akapiga saini, akanirudishia. Kisha akanishika mkono kabla sijatoka.

"Ukirudi," alisema, "mimi usiniambie."